Bunge la Dodoma na Mipaka ya Mamlaka Yake Visiwani

Kila mkaazi wa Unguja na Pemba anao watu wawili wanaomsemea katika vyombo vya kutunga sheria. Mmoja ni Mwakilishi, ambaye hukaa Chukwani katika Baraza la Wawakilishi. Wa pili ni Mbunge, ambaye husafiri hadi Dodoma kwenye Bunge la Jamhuri ya Muungano. Wote wawili huomba kura katika msimu mmoja, mara nyingi katika jukwaa moja, na ahadi zao hufanana: maji, skuli, gati, umeme, ajira za vijana. Uchaguzi ukishapita, wananchi wengi huwa hawana hakika ni yupi kati ya hao mwenye uwezo wa kulifikisha jambo lao mahali linapostahiki. Ndipo malalamiko ya kisima kilichoharibika yanapopelekwa kwa Mbunge, ambaye huko Dodoma hana Waziri wa Maji wa Zanzibar wa kumuuliza. Na jambo la uraia au la pasi ya kusafiria likapelekwa kwa Mwakilishi, ambaye naye hana Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi wa kumjibu. Muda hupotea, na mwenye haki hudhani amedharauliwa.

Makala haya yanaeleza Bunge ni chombo gani, lina madaraka na wajibu gani, na hasa madaraka hayo yanafika wapi yanapovuka bahari. Watumishi wa Serikali wana sababu ya ziada ya kuyajua haya, kwa kuwa wao ndio wanaotakiwa kuitekeleza sheria, na sheria isiyohusu Visiwani haiwi halali kwa sababu tu imefika mezani kwa mtumishi ikiwa na nembo ya Taifa.

BUNGE SI NYUMBA YA JUU YA BARAZA

Zipo nchi zenye mabaraza mawili ya kutunga sheria, moja likiitwa la chini na jingine la juu. Uingereza ina Baraza la Makabwela, ambalo wajumbe wake huchaguliwa na wananchi, na juu yake Baraza la Mabwanyenye. Kenya ilikuwa na mabaraza mawili kuanzia mwaka 1963, ikaliondoa Baraza la Seneti mwaka 1966, na baada ya Katiba ya mwaka 2010 Seneti ikarejea kufuatia uchaguzi wa mwaka 2013. Katika nchi za namna hiyo mswada hupita nyumba moja kisha ukaenda nyumba ya pili.

Tanzania haiko hivyo. Bunge la Jamhuri ya Muungano ni nyumba moja tu, na kazi zote ambazo kwingineko hufanywa na baraza la chini, yaani kuidhinisha fedha, kuihoji Serikali na kutunga sheria, hufanywa na nyumba hiyo hiyo. Wapo wanaodhani kwamba Baraza la Wawakilishi ndilo baraza la chini na Bunge ndilo la juu, hivyo kwamba jambo likishindikana Chukwani hukatiwa rufaa Dodoma. Dhana hiyo haina msingi wowote katika Katiba. Ibara ya 64 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 imeweka madaraka ya kutunga sheria za mambo ya Muungano, na za mambo yasiyo ya Muungano ya Tanzania Bara, mikononi mwa Bunge; na madaraka juu ya mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano mikononi mwa Baraza la Wawakilishi. Ibara hiyo inaendelea kusema kwamba sheria itakayotungwa na Baraza katika jambo lililo chini ya Bunge itakuwa batili, na sheria itakayotungwa na Bunge katika jambo lililo chini ya Baraza itakuwa batili vile vile. Ubatili huo unakwenda pande zote mbili. Hakuna mkubwa na mdogo hapo, bali kuna mpaka.

Historia nayo inalifanya jambo hili lifahamike. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika na lile la Zanzibar yote yaliundwa na utawala wa Kiingereza katika mwaka mmoja, 1926, kila moja kwa nchi yake. La Tanganyika likawa Bunge baada ya Uhuru wa mwaka 1961, na baada ya Muungano wa mwaka 1964 likapokea wajumbe kutoka Zanzibar. Huku Visiwani, baada ya Mapinduzi, kazi ya kutunga sheria ilikuwa ya Baraza la Mapinduzi hadi Baraza la Wawakilishi lilipoanza mwaka 1980.

Bunge lilikaa Dar es Salaam kwa miaka mingi, katika Ukumbi wa Karimjee. Uamuzi wa kuhamishia Makao Makuu Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973, lakini Bunge lilitangulia kuhama kabla ya sehemu kubwa ya Serikali: tangu mwaka 1996 mikutano yake imekuwa ikifanyika Dodoma, na ukumbi mkubwa unaotumika ulifunguliwa mwaka 2006. Wizara zilianza kuhamia kwa wingi baada ya tangazo la mwaka 2016, na Dodoma ikawa Jiji mwaka 2018. Kwa hiyo kwa takriban miaka 20 Mawaziri walikuwa wakifunga safari kutoka Pwani kwenda nyanda za juu za kati kujibu masuali, kisha wakirejea maofisini kwao. Siku hizi wenye masuali na wenye majibu wako katika mji mmoja.

WALIOMO NDANI YAKE

Kwa mujibu wa Ibara ya 62, Bunge lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Maana yake ni kwamba uamuzi wa Wabunge peke yao hauwi sheria mpaka Rais aukubali. Wabunge wenyewe ni wa aina kadhaa. Wapo waliochaguliwa majimboni, na katika uchaguzi wa mwaka 2025 majimbo yalikuwa 272, yakiwemo 50 ya Zanzibar. Wapo wanawake wa viti maalum, wasiopungua asilimia 30. Wapo wasiozidi 10 wanaoteuliwa na Rais, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Spika naye huhesabiwa Mbunge hata akichaguliwa kutoka nje ya Wabunge.

Wapo tena Wabunge watano ambao wananchi hawawapigii kura ya Ubunge. Hao huchaguliwa na Baraza la Wawakilishi kutoka miongoni mwa wajumbe wake, na hukaa katika nyumba zote mbili. Ndilo daraja pekee la kudumu ambalo Katiba imelijenga kati ya Chukwani na Dodoma. Watu watano katika ukumbi wa mamia ni wachache kwa kura, lakini wao ndio wanaoweza kusimama Dodoma wakisema jambo fulani lilijadiliwa vipi Chukwani wiki iliyopita. Wakaazi wachache sana wanawafahamu kwa majina, na inafaa wakafahamika, kwa sababu jambo linalogusa pande zote mbili linapata msemaji mzuri zaidi kwao kuliko kwa mjumbe wa nyumba moja.

Bunge huishi miaka mitano. Akidi ya kila kikao ni nusu ya Wabunge wote. Kikao hufunguliwa kwa kuingizwa siwa ukumbini, na neno hilo wenyeji wa Visiwani hawahitaji kuelezwa: Mwinyi Mkuu wa Dunga alikuwa na siwa na ngoma zake za enzi muda mrefu kabla ya kuwepo Bunge lolote katika nchi hizi.

KUULIZA, NA KUSHIKA SHILINGI

Ibara ya 63 inasema kwamba Wabunge ndio chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali ya Jamhuri ya Muungano na vyombo vyake vyote. Maneno hayo mawili, kusimamia na kushauri, yanafaa kushikwa vizuri. Bunge haliendeshi kitu. Haliajiri askari, halijengi gati, halitoi pasi. Linachoweza ni kumtaka anayefanya hayo aeleze, na kumnyima fedha au sheria anayoihitaji.

Njia ya kwanza ni suali. Kipindi cha masuali huwa asubuhi, mwanzoni mwa kikao. Waziri hujibu kwa mdomo, na muulizaji hupewa nafasi ya masuali ya nyongeza. Waziri Mkuu naye huulizwa siku ya Alhamisi. Suali la Mbunge wa Zanzibar kuhusu Polisi, Uhamiaji, Ushuru wa Forodha, Benki Kuu au Baraza la Mitihani ni suali halali kabisa na lazima lijibiwe. Suali lake kuhusu hospitali ya wilaya ya Pemba halina wa kulijibu, kwa kuwa afya si jambo la Muungano. Kukosa jibu hapo si dharau. Suali hilo mahali pake ni Chukwani.

Njia ya pili, yenye nguvu zaidi, ni bajeti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Mkutano wa Bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Kila Waziri huleta makadirio ya Wizara yake, na makadirio hayo hupitiwa fungu kwa fungu. Hapa ndipo Mbunge anapoweza kufanya kile ambacho magazeti hukiita kushika shilingi. Akiwa hakuridhika na maelezo, hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa Waziri. Shilingi moja haimpunguzii Waziri chakula. Lakini hoja ikishatolewa na kuungwa mkono, wengine hupata nafasi ya kuchangia, na Waziri hulazimika kusimama tena kutoa maelezo ya ziada au ahadi. Ahadi hiyo huandikwa. Mbunge akiridhika huirejesha shilingi. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa ni mchezo wa maneno, lakini ahadi nyingi za Serikali ambazo hapo baadaye zimedaiwa utekelezaji zilipatikana kwa kushikwa shilingi, si kwa hotuba ndefu.

Bajeti yote kwa jumla hupigiwa kura kwa kuitwa majina, ili kila Mbunge ajulikane amesema nini. Bunge likiikataa, Rais anayo mamlaka ya kulivunja, na wote wakarejea kwa wapiga kura. Kwa sababu hiyo bajeti haikataliwi kwa wepesi. Vile vile Mbunge wa kawaida hawezi kuleta mswada wa kuanzisha au kuongeza kodi wala wa kutoa fedha katika Hazina. Ibara ya 99 imeyaacha hayo kwa Serikali. Kupunguza kodi ndiko kunakoruhusiwa.

Fedha zikishatumika, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa taarifa kwa Rais, na taarifa hiyo hufikishwa Bungeni ndani ya siku saba tangu mkutano kuanza. Kamati ya Hesabu za Serikali huwaita Makatibu Wakuu na kuwauliza hati moja baada ya nyingine. Mtumishi wa taasisi ya Muungano aliyeko Zanzibar, awe Bandarini au Uwanja wa Ndege kwa upande wa Forodha na Uhamiaji, hayuko nje ya mkono huo. Sheria ya Haki, Kinga na Madaraka ya Bunge ya mwaka 1988 inaipa Kamati uwezo wa kumwita shahidi na kumtaka alete nyaraka. Kupuuza wito ni kosa, na kusema uongo mbele ya Kamati ni kosa kubwa zaidi.

Usimamizi huu umewahi kufika mbali. Mwaka 2007 Bunge liliunda Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Taarifa iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, pamoja na Mawaziri Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha. Disemba 2013 Mawaziri wanne waliondoka baada ya taarifa ya kamati kuhusu Operesheni Tokomeza. Katika mambo yote hayo Bunge halikupiga kura ya kumfukuza mtu. Lilisoma tu taarifa yake hadharani.

Kura ya kufukuza nayo ipo, ila haijawahi kumuondoa mtu. Waziri Mkuu huidhinishwa na Bunge baada ya kuteuliwa, na kwa Ibara ya 53A anaweza kupigiwa kura ya kutokuwa na imani naye, iwapo Wabunge wasiopungua asilimia 20 watatia saini taarifa siku 14 kabla. Rais anaweza kushtakiwa Bungeni kwa Ibara ya 46A. Huko uchunguzi hufanywa na kamati maalum ambamo Jaji Mkuu wa Jamhuri ya Muungano huwa Mwenyekiti na Jaji Mkuu wa Zanzibar huwa mjumbe, na theluthi mbili ya Wabunge wote lazima wakubali.

SHERIA INAPOVUKA BAHARI

Mswada wa Serikali hutangazwa katika Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza kwa jina tu, kisha hupelekwa kwenye Kamati. Hatua ya Kamati ndiyo inayofaa kuangaliwa na wananchi, kwa kuwa hapo ndipo wadau huitwa kutoa maoni na ndipo maneno ya mswada hubadilishwa kwa urahisi. Ukisharejea ukumbini na kusomwa mara ya pili, mabadiliko huwa machache. Husomwa mara ya tatu, hupitishwa, na hupelekwa kwa Rais. Rais akikataa huurudisha pamoja na sababu. Wabunge wakiuleta tena kwake kabla ya miezi sita kwa theluthi mbili ya Wabunge wote, Rais hana budi kuukubali ndani ya siku 21 au kulivunja Bunge. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria, jambo ambalo wengi walikuwa wakilidai tangu zamani.

Sheria ikishatiwa saini, mtumishi wa Zanzibar aiangalie kwa macho mawili. Jicho la kwanza ni Ibara ya 64(4) ya Katiba ya Muungano: sheria ya Bunge haitumiki Zanzibar ila iwe imetamka wazi kuwa inatumika Bara na Zanzibar, au inabadilisha au kufuta sheria ambayo tayari ilikuwa ikitumika Zanzibar, au inahusu jambo la Muungano. Jicho la pili ni Ibara ya 132 ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, ambayo inataka sheria hiyo iwe ni ya mambo ya Muungano tu, na tena iwasilishwe mbele ya Baraza la Wawakilishi na Waziri anayehusika. Ibara hizi mbili hazilingani neno kwa neno. Kifungu cha mwanzo cha sheria kinaweza kusema kuwa inatumika nchi nzima, ilhali mada yake haimo katika orodha ya mambo ya Muungano.

Mfano unaojulikana ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume hiyo iliwekwa na Katiba ya Muungano na sheria yake ikatungwa na Bunge mwaka 2001, lakini haki za binadamu kwa jina hilo hazimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Tume ikaanza kazi Bara, na Zanzibar ikasubiri miaka kadhaa mpaka Serikali mbili zilipokubaliana na Baraza la Wawakilishi likatunga sheria ya kuikubali. Katika miaka hiyo mkaazi wa Visiwani mwenye malalamiko ya aina hiyo hakuwa na Tume ya kuyapeleka. Hapo panaonekana gharama ya sheria kutungwa nyumba moja bila ya nyumba ya pili kuandaliwa.

Orodha yenyewe imo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, na ina mambo 22. Wakati wa Muungano yalikuwa 11. Humo mna ulinzi na usalama, Polisi, mambo ya nje, uraia, uhamiaji, sarafu na mabenki, kodi ya mapato, ushuru wa forodha na wa bidhaa, bandari, posta na simu, elimu ya juu, Baraza la Mitihani, Mahkama ya Rufani na uandikishaji wa vyama vya siasa. Mafuta na gesi asilia yalitiwa humo pia, ingawa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliiachia Zanzibar isimamie ya kwake, na Baraza likatunga sheria yake mwaka 2016. Ardhi, kilimo, afya, skuli za msingi na sekondari, maji na barabara hayamo. Hayo ni ya Chukwani.

Yapo hata hivyo mambo yasiyokaa upande mmoja, na umeme ndio mfano mzuri kuliko yote. Umeme si jambo la Muungano. ZECO ni shirika la Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na Waziri wake hujibu Chukwani. Lakini umeme wenyewe hutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, Ras Kiromoni hadi Fumba kwa Unguja, na Tanga hadi Pemba tangu mwaka 2010. Na anayeuuza ni TANESCO, shirika linalosimamiwa na Bunge. Wakaazi wa Unguja hawajasahau giza la takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na lile la takriban miezi mitatu lililoanza Disemba 2009. Kodi ya Ongezeko la Thamani nayo si ya Muungano, na Zanzibar ina sheria yake; hata hivyo kodi ya Bara ilipotozwa juu ya umeme unaouzwa kwa ZECO, mzigo wake ulikuwa wa Visiwani. Malalamiko yalidumu miaka kadhaa. Hayakuweza kumalizwa Chukwani, kwa sababu sheria iliyokuwa ikitoza haikuwa ya Chukwani. Yalimalizwa Dodoma, pale bajeti ya mwaka 2019/2020 ilipoweka kodi hiyo katika kiwango cha asilimia sifuri kwa umeme unaokwenda Zanzibar. Katika jambo la namna hii Mbunge wa Zanzibar ana kazi kubwa, ingawa mada haimo katika orodha.

KURA YENYE UZITO

Katika kura za kawaida Wabunge wa Zanzibar ni wachache. Lakini Ibara ya 98 imewapa kinga moja isiyozidiwa kwa wingi. Mabadiliko ya kawaida ya Katiba yanahitaji theluthi mbili ya Wabunge wote. Mabadiliko ya mambo manane yaliyotajwa katika Orodha ya Pili ya Nyongeza ya Pili yanahitaji theluthi mbili ya Wabunge wa Bara na theluthi mbili ya Wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Mambo hayo ni kuwepo kwa Jamhuri ya Muungano, kuwepo kwa Ofisi ya Rais wake, mamlaka ya Serikali yake, kuwepo kwa Bunge, mamlaka ya Serikali ya Zanzibar, Mahkama Kuu ya Zanzibar, orodha ya mambo ya Muungano, na idadi ya Wabunge kutoka Zanzibar. Jambo la 23 haliwezi kutiwa katika orodha, wala moja kutolewa, bila ya theluthi mbili ya Wazanzibari waliomo Bungeni. Mkaazi anayempigia kura Mbunge anampa funguo hizo, hata kama kwenye kampeni zilizungumzwa taa za barabarani tu.

Utaratibu wa kuhesabu kila upande peke yake ulitumika pia mwaka 2014 katika Bunge Maalum la Katiba, lililokaa Dodoma likiwakusanya Wabunge, Wawakilishi na wajumbe 201 walioteuliwa. Sehemu ya wajumbe walitoka nje mwezi wa Aprili, na hesabu ya kura za upande wa Zanzibar ikawa ndiyo iliyosubiriwa na kila mtu. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa tarehe 2 Oktoba 2014, lakini kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 haikufanyika. Katiba ya mwaka 1977 ndiyo inayoendelea kutumika.

Azimio nalo lisichanganywe na sheria. Disemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu. Kamati ya Bunge ilieleza mwaka 1993 kuwa Katiba imekiukwa, kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano, na Agosti mwaka huo Zanzibar ikajitoa. Mwezi huo huo, kwa hoja ya Wabunge waliojulikana kama kundi la G55, Bunge lilipitisha azimio la kutaka iundwe Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Azimio lilipita ukumbini. Mwalimu Nyerere akalipinga hadharani, Chama kikabadilisha msimamo mwaka 1994, na Serikali hiyo haikuundwa. Azimio hueleza rai ya Bunge na huiwekea Serikali shinikizo, lakini halibadilishi Katiba wala halimpi mtumishi amri ya kutekeleza.

KWA MWENYE JAMBO LA KUPELEKA

Mwananchi aliyehakikisha kuwa jambo lake ni la Muungano, au linategemea sheria ya Bunge kama lilivyokuwa la umeme, amwandikie Mbunge wake kabla ya Aprili, akitaja ofisi inayohusika, tarehe, na majibu aliyokwisha kupewa. Mbunge anaweza kulifanya suali, kulitumia katika makadirio ya Wizara, au kuliwasilisha kama ombi la wananchi, kwani Kanuni za Bunge zinaruhusu hivyo. Jambo la fedha kati ya Serikali mbili, au lile lisilojulikana ni la nani, lielekezwe pia kwa mmoja wa Wabunge watano wanaotoka Baraza la Wawakilishi.

Anayetaka kwenda mwenyewe anaweza kuingia ukumbini kama mgeni na kusikiliza. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam, hivyo safari iliyokuwa ya siku nzima kwa barabara imefupika sana. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Mkutano wa Bajeti huangukia katika msimu wa kipupwe, wakati upepo wa usiku huko ni mkali kwa mtu aliyezoea joto la Pwani. Sweta si anasa. Asiyeweza kusafiri anaweza kuomba kuona Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ambamo kila suali huandikwa pamoja na jina la aliyeuliza, tarehe, na jibu la Waziri neno kwa neno.